Kutoka Star Trek Hadi Faili za MKV: Historia Fupi ya Shabiki wa Pande Mbili

Ukimtaja mpenzi wa anime, wengi humfikiria kijana wa aina fulani. Ukimtaja mpenzi wa Star Trek, wanamfikiria mtu mwingine kabisa, labda baba yake huyo kijana. Na yule anayependa vyote viwili huulizwa, "Kwani wewe uko upande gani?"

Leo nataka kuonyesha kuwa kihistoria swali hilo halina msingi. Ushabiki wa anime nchini Marekani ulizaliwa ndani ya nyumba ya ushabiki wa bunilizi za kisayansi, na kule Japani kwenyewe mambo hayakuwa tofauti sana. Zaidi ya hapo (na hapa ndipo sisi watu wa kompyuta tunapoingia), kazi ya mashabiki hao imo ndani ya programu unazotumia kutazama video, hata kama hujawahi kutazama anime hata siku moja.

Haya, tuanze mwanzo.

VIPINDI VITATU VILIVYOKATWA

Star Trek ilianza kuonyeshwa na runinga ya NBC huko Marekani mwezi wa Septemba 1966. Takwimu za watazamaji hazikupendeza. Ilipovuma habari kwamba kipindi kitasimamishwa, mashabiki wawili, Bjo Trimble na mumewe John, waliongoza kampeni ya kuandika barua kwa NBC. Kipindi kikapata msimu wa tatu, kisha kikakatwa mwaka 1969 baada ya sehemu 79. Lakini vituo vidogo vya runinga viliendelea kukirudia kila siku, na watazamaji wakaongezeka badala ya kupungua. Januari 1972 mashabiki waliitisha kongamano mjini New York wakitarajia watu mia kadhaa. Walikuja maelfu.

Sasa tuvuke bahari. Oktoba 1974 Wajapani walianza kuonyeshwa katuni iliyoitwa Uchu Senkan Yamato, yaani manowari ya anga Yamato. Dunia imeharibiwa na mnunurisho, na wafanyakazi wa chombo hicho wana mwaka mmoja tu wa kusafiri umbali wa miaka-nuru 148,000, kisha kurudi na dawa ya kuiponya. Kulikuwa na mpango wa sehemu 39, zikakatwa zikawa 26, kwa sababu saa ile ile kituo kingine kilikuwa kikionyesha katuni ya Heidi na watoto wote walikuwa huko. Lakini wanafunzi wa sekondari na vyuo walikuwa wameiona. Waliunda vilabu, wakadai irudiwe, na mwaka 1977 sehemu zile zikaunganishwa kuwa filamu iliyojaza kumbi za sinema.

Cha tatu ni Gundam, kilichoanza Aprili 1979. Hiki kilipangiwa sehemu 52, kikaishia 43. Tena mashabiki wakubwa kidogo wa umri wakakishikilia, vinyago vya plastiki vya maroboti yake vikaanza kuuzwa mwaka 1980 na kugombaniwa madukani, na filamu zikafuata kuanzia 1981. Wazo la askari aliyevaa mashine lilitokana na riwaya ya Mmarekani Robert Heinlein ya mwaka 1959, Starship Troopers, ambayo Wajapani walikuwa wakiisoma katika tafsiri. Kwa hiyo hata damu ilikuwa imechanganyika tangu hapo.

Unaona mtindo? Vipindi vitatu, nchi mbili, hadithi moja. Watangazaji walikuwa wakipima watoto na matangazo ya biashara. Hawakuwa na kipimo cha mtu mzima anayeweza kutazama sehemu moja mara kumi na kuandika barua tano.

KANDA ZINAVUKA BAHARI

Mwaka 1975 Sony walitoa Betamax, na mwaka 1976 JVC wakatoa VHS. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliweza kuhifadhi kipindi cha runinga nyumbani kwake.

Mjini Los Angeles kulikuwa na klabu ya bunilizi za kisayansi, LASFS, iliyoanzishwa mwaka 1934. Mmoja wa wanachama, Mark Merlino, alikuwa na mashine ya kurekodi, na alianza kuwaonyesha wenzake katuni za Kijapani. Katuni zenyewe zilikuwa zikionyeshwa tangu 1976 katika vituo vya runinga vilivyohudumia Wajapani waishio Marekani. Mei 1977 yeye na Fred Patten na wenzao wakaanzisha Cartoon/Fantasy Organization, ambayo ndiyo klabu ya kwanza ya anime Marekani. Patten, aliyefariki mwaka 2018, ndiye baadaye aliyeandika sehemu kubwa ya historia hii.

Walipotaka zaidi ya kile kilichoonyeshwa kwao, waliandikiana na mashabiki wa Japani. Na Wajapani walitaka nini badala yake? Star Trek na Battlestar Galactica! Kanda za vyombo vya anga vya Marekani zikawa zinakwenda kwa posta, na kanda za maroboti ya Kijapani zikawa zinarudi. Biashara ya kubadilishana bidhaa, bila senti.

Hapa kuna jambo la kiufundi ambalo watu wengi hulisahau. Biashara hiyo iliwezekana kwa sababu Japani na Marekani zilitumia mfumo mmoja wa runinga, NTSC: mistari 525 na karibu fremu 30 kwa sekunde. Nchi nyingi za Ulaya ya magharibi na za Afrika, Kenya ikiwemo, zilitumia PAL yenye mistari 625 na fremu 25. Kanda ya kutoka Tokyo ilicheza vizuri Los Angeles. Kanda hiyo hiyo ukiitia kwenye deki ya kawaida ya Nairobi, ungepata picha inayoruka na isiyo na rangi, labda uwe na deki ya mifumo mingi. Kumbe ushabiki wa nchi fulani unaweza kuamuliwa na uamuzi wa wahandisi uliofanywa miaka ishirini kabla!

FIGILI YA OSAKA

Wajapani nao walikuwa na makongamano yao ya bunilizi za kisayansi tangu 1962, yakihama kutoka mji hadi mji. Lile la Osaka liliitwa Daicon, kwa sababu herufi ya kwanza ya jina Osaka yaweza kusomwa "dai". Na "daikon" ni figili nyeupe. Basi utani ukapatikana.

Kwa kongamano la Agosti 1981, wanafunzi kadhaa, wakiwemo Hideaki Anno, Hiroyuki Yamaga na Takami Akai, walichora filamu fupi ya ufunguzi. Msichana mdogo mwenye mkoba wa shule anapewa glasi ya maji. Njiani anapigana na kila kitu ambacho mashabiki wale walikipenda: viumbe wa Ultraman, Godzilla, vyombo vya Star Trek, vya Star Wars, na Yamato pia. Mwishoni anaimwagilia figili iliyonyauka, nayo inageuka kuwa chombo cha anga.

Mwaka 1983 walirudia kwa Daicon IV, kazi kubwa na nzuri zaidi, yenye mamia ya wahusika kutoka pande zote mbili za bahari. Hawakuomba ruhusa kwa wenye wahusika wala kwa wenye muziki. Kisheria ilikuwa balaa, na ndiyo maana filamu hizo haziuzwi hivi hivi madukani. Lakini wachoraji wale wale walianzisha kampuni ya Gainax mwezi wa Desemba 1984, na mwaka 1995 Anno akatoa Neon Genesis Evangelion, mojawapo ya anime zenye athari kubwa kuliko zote. Ukiitazama Evangelion kwa makini utaiona Ultraman ndani yake, na pia UFO, kipindi cha Uingereza cha Gerry Anderson cha mwaka 1970. Gainax yenyewe ilifilisika mwaka 2024, lakini Anno alikuwa ameshaondoka zamani, na mwaka 2022 alikuwa ameandika filamu ya Shin Ultraman. Shabiki alikabidhiwa funguo za nyumba.

Marekani nako mambo yalikuwa hivyo. Rick Sternbach na Michael Okuda, waliobuni vyombo na vioo vya kompyuta katika Star Trek: The Next Generation kuanzia 1987, walikuwa mashabiki wa anime ya Dirty Pair. Walificha majina ya wahusika wake, Kei na Yuri, katika maandishi madogo ya vioo vile. Katika runinga za enzi zile usingeweza kuyasoma. Waliandika kwa ajili yao wenyewe na kwa yeyote atakayekuja baadaye na picha safi zaidi.

KOMPYUTA MOJA, KAZI MBILI

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Tatizo la kanda za Japani lilikuwa lugha. Mwanzoni vilabu viligawa vijitabu vya muhtasari vilivyotolewa nakala kwa mashine, au mtu mmoja alisimama mbele ya ukumbi akieleza. Kisha ikaja Commodore Amiga mwaka 1985.

Kompyuta nyingi za wakati ule zilitoa picha kwa mwendo wao wenyewe, na ukijaribu kuichanganya picha hiyo na ya kanda, zinapishana. Amiga ilikuwa tofauti. Saa yake ilikwenda kwa megahezi 7.16, ambayo ni mara mbili kamili ya masafa ya rangi ya NTSC, na chipu zake ziliweza kufuata mapigo ya saa ya nje. Ukiiunganisha na kifaa kiitwacho jenloki, picha ya Amiga ilifungwa sambamba na picha ya kanda, na popote ambapo Amiga ilitoa rangi namba sifuri, kanda ilionekana. Kwa hiyo ukiandika herufi nyeupe juu ya rangi sifuri, umepata maandishi juu ya video. Kifaa ambacho studio zililipia pesa nyingi sasa kilikaa mezani chumbani kwa mwanafunzi.

Mashabiki wakaandika programu za kazi hiyo, mojawapo ikiwa JACOsub. Mtafsiri alileta maneno, mwingine alipanga muda wa kila mstari, na kanda kuu ilirekodiwa. Kisha wewe ungetuma kanda tupu pamoja na stempu za kurudishia, nawe ungerudishiwa ikiwa imejaa. Kila nakala ya nakala ilififia, rangi zikimwagika nje ya mistari kama chai kwenye kitambaa. Wengi waliweka maandishi mwanzoni: isiuzwe wala kukodishwa, na kampuni ikinunua haki, tunaacha.

Sasa sikiliza. Mwaka 1990 kampuni ya NewTek ilitoa Video Toaster, kifaa cha Amiga kilichokuja na programu ya LightWave ya kuchora vitu vya pande tatu. Filamu ya kwanza ya Babylon 5, iliyoonyeshwa Februari 1993, ilitengenezewa vyombo vyake vya anga kwa Amiga zenye vifaa hivyo, kwa gharama ndogo mno kuliko kujenga vinyago na kuvipiga picha. Baadaye walihamia PC na mashine za Alpha, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa na Amiga.

Yaani wakati mmoja, kompyuta ya aina moja, kwa sababu ile ile ya saa kulingana na NTSC, ilikuwa ikiandika tafsiri za anime chumbani kwa shabiki na kuchora vita vya anga vya runinga ya Marekani.

KUTOKA KANDA HADI FAILI

Kanda zilipokufa, tatizo halikufa. Mwishoni mwa miaka ya 90 na mwanzoni mwa 2000 mashabiki walihamia kwenye faili, zikigawiwa kupitia IRC na kisha BitTorrent, ambayo Bram Cohen aliitoa mwaka 2001.

Fomati ya AVI ya Microsoft, ya mwaka 1992, haikuundwa kwa mtu anayetaka sauti mbili, tafsiri tatu na fonti zake ndani ya faili moja. Desemba 2002 ukatangazwa mradi wa Matroska, yaani faili za MKV. Matroska hubeba nyimbo nyingi za sauti, manukuu mengi, sura, na hata faili za fonti zenyewe. Watu wa anime waliikumbatia haraka, maana wao ndio waliohitaji hayo yote kwa pamoja. Manukuu yao yalikuwa katika fomati za SSA na ASS, ambazo ni maandishi matupu: muda hadi sehemu ya mia ya sekunde, mtindo, mahali pa kukaa kwenye kioo, na hata amri ya kupaka rangi silabi moja moja wimbo unapoimbwa.

Google walipotoa WebM mwaka 2010, waliijenga juu ya Matroska. Oktoba 2024 Matroska yenyewe ikachapishwa kama kiwango rasmi cha intaneti, RFC 9559. Na x264, programu huria ya kubana video iliyoanza 2003, ina chaguo maalumu la katuni: andika tu "--tune animation". Mwaka 2011 vikundi vya anime vilihamia kwenye video ya biti 10 kwa sababu anga la katuni lenye rangi zinazofifia taratibu lilikuwa likionyesha mistari mibaya kwa biti 8. Na ile JACOsub ya Amiga? Msimbo wa kuisoma bado umo ndani ya FFmpeg.

Kwetu historia hii ilichelewa kidogo. Kabla nyaya za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, Kenya ilitegemea setilaiti, na kupakua faili moja ya megabaiti 170 kulikuwa kama kusubiri mvua Turkana. Kwa hiyo mtandao wetu ulikuwa CD na diski za mkononi, kutoka mkono hadi mkono. Ukifikiri vizuri, hiyo ni posta ile ile ya 1977, ila bila stempu.

SHERIA NA PESA

Je, haya yote yalikuwa halali? Swali gumu, na sitaki kulikwepa.

Mwaka 1976 kampuni za Universal na Disney ziliishtaki Sony kwa sababu ya Betamax, zikisema mashine ya kurekodi ni chombo cha wizi. Januari 1984 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba kurekodi kipindi nyumbani ili kukitazama baadaye ni halali. Kura moja tu! Lakini uamuzi huo ulihusu kutazama baadaye, si kutafsiri na kusambaza. Mashabiki wa tafsiri walifanya kazi nje ya uzio wa sheria, na walijua. Kuna kampuni zilizowavumilia kwa sababu walifungua soko, na kuna waandishi na wachoraji ambao hawakupata hata shilingi. Yote mawili ni kweli.

Crunchyroll ilianza mwaka 2006 kama tovuti ambako watu walipandisha anime bila ruhusa. Mwaka 2009 iligeuka, ikaondoa hizo na kuanza kuonyesha vipindi kwa mkataba, Naruto Shippuden kikiwemo. Mwaka 2021 ilinunuliwa kwa dola bilioni 1.175. Mnunuzi? Sony. Kampuni iliyotetea haki ya kurekodi nyumbani sasa inauza huduma ambayo ukiacha kulipa, hubaki na kitu.

NANI ANATUNZA?

Hapa ndipo ninapoona uzito wa jambo hili. Katika miaka ya 60 na 70, BBC ilifuta kanda nyingi za Doctor Who ili izitumie tena. Sehemu nyingi zilipotea kama picha. Lakini sauti ya kila sehemu iliyopotea ipo hadi leo, kwa sababu watoto na vijana waliweka maikrofoni mbele ya runinga na kurekodi. Mwaka 2006 sehemu mbili za hadithi ya The Invasion zilitolewa upya kama katuni juu ya sauti hizo. Na mwaka 2013 ilitangazwa kuwa sehemu tisa zimepatikana Nigeria, katika stoo ya kituo cha runinga huko Jos. London ilitupa, Jos ikatunza.

Tazama pia Babylon 5. Waigizaji walipigwa picha kwa filamu, na filamu unaweza kuiskani upya kwa ubora mkubwa. Vita vya anga vilitoka kwenye kompyuta kwa ukubwa wa runinga ya wakati ule, na toleo jipya lilipotoka mwaka 2021 sehemu hizo zilibidi zikuzwe tu. Anime ina jeraha lile lile: iliyochorwa kwenye plastiki na kupigwa filamu mwaka 1979 inaweza kuwa safi zaidi kuliko ile ya mwaka 2002 iliyozaliwa ndani ya kompyuta kwa pikseli chache.

Siku hizi kipindi kinaweza kuondolewa kwenye huduma zote kwa siku moja, na wengi wetu hatuna kanda wala diski ya kubaki nayo. Ndiyo maana fomati huria ni jambo zito. Faili inayosomeka bila kuomba idhini ya kampuni fulani ina nafasi nzuri zaidi ya kuishi kuliko kampuni yenyewe.

Ukitaka kuuona ushahidi kwa macho yako, tafuta faili ya MKV yenye manukuu ya ASS, yatoe kwa MKVToolNix, kisha uyafungue kwa kihariri chochote cha maandishi. Utakuta muda, jina la mhusika na maneno yake, mstari kwa mstari. Mara nyingi utakuta pia maelezo mafupi ambayo mtafsiri alimwachia mwenzake kuhusu neno lililomsumbua. Hayaonekani kwenye kioo. Aliyaandika kwa yeyote atakayekuja baadaye, kama Kei na Yuri katika vioo vya Enterprise.